Majani Tuliyoogopa Kuyachoma

Kwanza nunueni mabuti. Si raba zenu nyeupe za kuendea kanisani, nasema mabuti, yanayofika juu ya kifundo. Majani ya kule yana ncha zinazopenya soksi, na ukianza kujikuna asubuhi utajikuna mpaka sala ya jioni.

Jumapili iliyopita mlinizunguka baada ya misa, kikombe changu cha chai kikiwa bado cha moto, mkaniambia: "Babu Beda, tumekubali kulichukua shamba lako, sisi vijana wa jumuiya. Tuandikie unachokijua." Nikacheka. Ninachokijua kinaenea kiganjani. Kilichonishangaza ndicho kirefu. Lakini binti yangu Imelda, huyu mnayemwogopa kwa sababu anafanya kazi benki kule Sandton na anatembea kama kachelewa treni, amenipa daftari na kunikalisha mbele ya dirisha hapa Malvern. "Baba, andika. Na usirembe." Basi naandika. Nikirukaruka mnivumilie, maana miaka ya shambani haikai foleni kichwani mwangu.

Mahali penyewe mtapajua hivi. Mnatoka mjini upande wa mashariki, mnapita roboti ya mwisho, yaani taa za barabarani, mnapita vile vilima vya mchanga wa migodi ya zamani, halafu ghafla hakuna kitu. Majani tu, na mbingu. Wenyeji wanaita veldi. Siku ya kwanza tulipofika na baki letu, ile pikapu ya bluu, mke wangu Skolastika alishuka, akageuka huku, akageuka kule, akaniuliza, "Baba Imelda, watu wako wapi?"

Mimi ni mtu wa Rombo. Kwetu ukikohoa, jirani anakuambia pole bila kutoka kitandani, mashamba ya nyumbani yamebanana, kihamba kwa kihamba, mgomba kwa mgomba. Pale unaweza kupiga kelele mpaka sauti ikukauke na aliyekusikia ni ng'ombe wa watu, tena hata kichwa hainui. Nilisimama mdomo wazi. Niliona mvua inanyesha upande mmoja wa dunia na jua linawaka upande wa pili, vyote kwa wakati mmoja, na mimi katikati nimeshika jembe. Nikavua kofia. Sikujua namvulia nani, ila nilivua.

Tulikuwa tumetoka Doornfontein, mjini, chumba kimoja ghorofa ya nne, mimi nachomelea mageti kwenye karakana, Skola anashona. Mwenye shamba, mzee aliyekuwa amehamia mjini kwa wanawe, alitupa tulime kwa sharti moja: pasigeuke pori. Nyumba ilikuwa ya bati, vyumba viwili. Imelda alikuwa na miaka saba. Skola hakutaka kwenda, nawaambia ukweli. Alikwenda kwa sababu nilimwambia mimi ni mtoto wa mkulima, nayajua mahindi tangu tumboni.

Sasa sikilizeni nilivyoyajua.

Kwetu, Kwaresima ndiyo saa ya mkulima. Masika inakaribia, unachagua mbegu, Jumapili moja unazipeleka kanisani kwenye ungo, padri anazinyunyizia maji ya baraka, na kabla ya Pasaka zimeshaingia ardhini. Baba yangu alifanya hivyo, babu yangu alifanya hivyo. Hatukuwa na kalenda nyingine ukutani zaidi ya ile ya kanisa. Kwa hiyo mwaka wetu wa kwanza, Kwaresima ilipofika, nilibeba mbegu zangu zote hadi parokiani mjini, padri akazibariki, nikarudi nikapanda. Mwezi wa tatu! Jitu zima na ndevu zake!

Jirani yetu, Ntate Molefi, yaani Mzee Molefi, Msotho aliyefanya kazi kwenye mashamba ya pale tangu ujana wake, alipita na baiskeli. Akasimama. Akatazama mistari yangu iliyonyooka. Akauliza kwa Kizulu, maana ndicho tulichokutania, yeye nusu, mimi robo: "Unapanda nini?"

"Mahindi."

"Sasa hivi?"

"Ndiyo. Zimebarikiwa," nikamwambia kwa kujigamba.

Alinitazama kwa muda, akaondoka pole pole, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani ana kikohozi.

Zilimea vizuri, ndio mchezo zilionichezea. Mwezi wa tano mahindi yalikuwa yamefika magotini, ya kijani kibichi, na mimi nikawa napiga simu nyumbani kujisifu. Kisha asubuhi moja Skola alifungua mlango akasimama kizingitini. Nikamfuata. Shamba lote lilikuwa jeupe. Kila jani lilikuwa na chenga za barafu pembeni, kila uzi wa buibui kwenye uzio umenenepa na kung'aa, na jua lilipochomoza uwanda mzima ukawaka mpaka tukaziba macho. Imelda akakimbia akaonja akidhani ni sukari. Wanangu, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na kilikuwa kinaniua. Kufikia saa nne mahindi yote yalikuwa meusi, yamelala chini, yananuka kama mboga iliyosahauliwa sufuriani.

Hiyo ndiyo jalidi. Kila mtu wa kule anajua kwamba ikishafika Pasaka mkulima anavuna, hapandi. Misimu imegeuzwa, kanisa halikugeuzwa, na hakuna aliyefikiria kunionya kwa sababu nani angefikiri mtu mzima anahitaji kuambiwa.

Skola alilia siku hiyo. Jioni akaniambia, "Baba Imelda, sitaki ugomvi. Nakupa msimu mmoja. Jumatano ya Majivu ijayo, kama sijaweka chunguni mahindi ya shamba hili, mimi na mtoto tunarudi Doornfontein. Wewe utabaki na mbingu yako." Hakuwa akitania. Skola akikupa tarehe, amekupa.

Hapo ndipo nilipomeza kiburi, nikaenda kwa Ntate Molefi nikamwambia nifundishe. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanifundisha, na yote nitakayowaambia ni yake.

Mahindi msipande kwa tarehe. Subirini mwezi wa kumi, mvua mbili nzito, halafu chimbeni kwa kiganja. Unyevu ukizidi urefu wa kidole cha kati na udongo hauumi mkono kwa baridi, pandeni. Miche ya mboga ikae upande wa juu wa shamba, kamwe si bondeni, kwa sababu baridi inatelemka na kulala kule chini. Wingu likija na tumbo la kijani, acheni kila kitu, ingieni ndani, hiyo ni mvua ya mawe. Mimi niliwahi kutoka kwenda kuokoa karai nikarudi nimelivaa kichwani, na bado lina mabonde.

Lakini somo kubwa la Ntate Molefi lilikuwa moto.

Kuanzia mwezi wa sita, jalidi ikishakausha majani, veldi yote ni kibiriti. Mwezi wa nane unakuja upepo. Kwa hiyo kabla ya upepo, wewe mwenyewe unachoma kinga kuzunguka shamba: unalima mistari miwili kwa jembe, hatua kumi kutoka mmoja hadi mwingine, na unachoma majani yaliyo katikati. Unafanya asubuhi, umande unapokauka, hewa imetulia. Unawaambia majirani kwanza. Na gunia la katani lililolowa mkononi. Moto haupigwi kama unaua nyoka, vijana. Ukiinua gunia juu unatawanya cheche. Unaliweka, unaligandamiza, unalivuta. Nilirudia mpaka mikono ikafa ganzi, Ntate Molefi akisema, "Chini, Beda, chini. Unapunga kwa nani?"

Tulizunguka shamba siku nne. Tukafika mbele ya groto.

Groto ni kazi ya Skola. Sanamu ya Bikira Maria aliitoa kwetu, akaipakata njia nzima kwenye mabasi, imevingirishwa kwenye kitenge, na mipakani alikuwa anawaambia maofisa "taratibu, ni mama." Wiki ya kwanza tu aliokota mawe shambani akaijengea pango, hatua chache kutoka ukuta wa nyumba, likitazama magharibi. Kila jioni tulisali rozari pale. Na mbele yake, mpaka kwenye uzio, aliyaacha majani marefu bila kuyakata. Upepo ukipita yanainama yote pamoja, na Skola alisema hata yenyewe yanajua pa kupiga goti.

Ntate Molefi akanyoosha kidole. "Na hapa?"

"Hapa tunaruka. Ni kwa Mama."

"Hatua ngapi unaruka?"

"Kama ishirini."

Alitazama sanamu, akatazama majani, akatazama nyumba nyuma yake. "Eish, Beda. Moto hausali."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwetu mtu hawashi moto miguuni pa Mama wa Mungu, kama kwao wanafanya hivyo ni shauri yao. Akainua mikono, akachukua baiskeli yake. Watu wakisimulia kisa hiki parokiani wanasema Skola ndiye aliyekataa. Si kweli. Skola aliniuliza, "Una hakika?" na mimi nikasema nina hakika. Niliogopa kumkosea heshima Mama, na nilikuwa nimechoka. Vyote viwili.

Moto ulikuja Jumamosi moja ya mwezi wa nane, baada ya chakula cha mchana. Kwanza upepo ulikuwa umevuma siku mbili. Kisha nikaona sungura anapita uani, hana habari na mbwa, na mbwa hana habari naye. Kisha yangeyange, ndege weupe wengi, wakirukaruka mbele ya moshi kula panzi wanaokimbia. Jua likawa jekundu kama la machweo na ilikuwa saa nane. Halafu sauti. Msidhani moto mkubwa unatatarika kama jiko. Unanguruma, na unanguruma kutoka kila upande, na kifua chako kinatetemeka nao. Niliutazama unakuja, upana wote wa dunia, mrefu kuliko nyumba, na aibu iliyoje kusema hivi, jambo la kwanza nililohisi halikuwa hofu. Nilisema, "Ee Mungu, wewe ni mkubwa." Hofu ilikuja ya pili.

Ntate Molefi alifika mbio na magunia. Hakukumbuka maneno yangu, au alikumbuka akayaacha nyumbani. Tukakimbilia upande wa kaskazini-magharibi, upepo ulikotokea. Moto ukaja mpaka kwenye kinga yetu, ule ukanda mweusi, ukafika pale ukakosa chakula, ukashuka, ukalala. Nilipiga kelele za furaha. Tulizima cheche zilizoruka, huku na kule, nikageuka kumwambia Ntate Molefi kwamba tumeshinda. Yeye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kusini, ambako moto uliozungushwa na kinga yetu ulikuwa unaambaa, unatafuta mlango.

Na mlango niliuacha mimi. Hatua ishirini, majani mpaka kiunoni, makavu, na nyuma yake groto, na nyuma ya groto nyumba yenye mbegu zetu zote za mwezi wa kumi.

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia hivyo na sitakimbia tena. Nilipopinda kona ya nyumba nilimwona Skola amesimama katikati ya majani yale, mbele ya sanamu, moto umebakiza kama urefu wa uwanja wa mpira. Alikuwa amemweka Imelda nyuma kwenye bustani ya mboga iliyolimwa, pasipo hata jani kavu, akamwachia ndoo ya maji. Nikapiga kelele, "Mama Imelda, toka hapo!"

Hakutoka. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kibiriti. Kilikuwa kibiriti cha groto, kile cha kuwashia mshumaa wa rozari, hakuna mtu aliyeruhusiwa kukitumia hata kwa jiko. Akageuka akaitazama sanamu. Nilimsikia, upepo uliniletea sauti yake: "Mama, samahani."

Akainama, akawasha majani.

"Magunia!" akapiga kelele. "Mnaduwaa nini? Upande wa nyumba!"

Ndipo nilipoelewa. Moto wake ulikuwa mdogo, unakwenda kinyume cha upepo, polepole, unakula kuelekea ule mkubwa. Kazi yetu ilikuwa kuuzuia usirudi nyuma nyumbani. Tukapanga mstari, Ntate Molefi, mimi, Skola, na Imelda anamwagia magunia maji huku analia kwa sauti. Chini, Beda, chini. Nyusi zangu ziliungua, mnaona mpaka leo hii ya kushoto haijakaa sawa. Moto wa Skola ulikula hatua tano, nane, kumi. Kisha ule mkubwa ulipokaribia, ukauvuta. Ikawa kama mmoja amemwita mwenzake. Yale majani yaliyobaki yakaruka mbele yote kwa mpigo, mioto miwili ikakutana, ikasimama wima juu sana mpaka nikainua kichwa kuitazama, na papo hapo ikafa. Kimya. Jivu likaanza kututua mabegani.

Sanamu ilikuwa imesimama pangoni, shavu moja na bega moja jeusi kwa moshi. Ntate Molefi, ambaye kanisa lake halina sanamu, alivua kofia. Skola alikaa chini kwenye jivu na gauni lake zuri, akaanza kucheka na machozi yanamtiririka, akasema, "Kumbe siku zote alikuwa anatusubiri tupate akili."

Siku kumi baadaye, bila tone la mvua, vijani vya kijani vilitoboa ule weusi. Mpaka leo sijui vinatoa wapi nguvu. Nilipiga magoti kuvitazama, Skola akadhani nimedondosha kitu. Mwezi wa kumi mvua zikaja, moja, ya pili, nikachimba kiganja, udongo haukuuma, tukapanda. Mwezi wa kumi na mbili mvua ya mawe ilichana majani ya mahindi yakawa nyuzi nyuzi, Skola akahesabu siku kwenye kalenda ya kanisa na mimi nikajifanya sioni. Yakajinyanyua.

Jumatano ya Majivu tulikwenda mjini, tukapakwa, tukarudi na misalaba yetu kwenye paji la uso. Skola alivunja mahindi mabichi mwenyewe, akayapukuchua, akachanganya na maharage, akapika kande. Siku ya kufunga mnajua, mlo mmoja. Nilikula sahani ya kwanza, ya pili, nikaomba ya tatu. Akanitazama, kijiko kikiwa hewani. "Baba Imelda, hii ndiyo kufunga?" Lakini alinipakulia. Habari ya Doornfontein haikutajwa tena nyumbani mwangu. Ntate Molefi alikula nasi, na kila Kwaresima baada ya hapo alipita na baiskeli yake kuniuliza, "Beda, leo hupandi?" mpaka Mungu alipomchukua.

Sasa jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nikubali kushika kalamu.

Tangu mwaka ule, kinga yetu hatukuianzia kwingine. Tulianzia mbele ya Mama. Kila mwezi wa sita Skola alikuwa anakwenda asubuhi na kibiriti chake, anawasha mshumaa, na kwa njiti ileile, kabla haijamfikia vidole, anawasha majani. Mimi nasimama na gunia. Miaka yote hiyo.

Mwaka huu hayupo. Mnajua, mlimzika nami, mliimba vizuri. Juzi Imelda alinipeleka shambani. Nilifika mpaka kwenye groto, kibiriti mkononi. Majani ni marefu, makavu kabisa. Nikasimama pale mpaka jua likapanda na upepo mdogo ukaanza, nikarudi kwenye gari bila kuwasha hata njiti. Imelda akageuza gari, tukarudi mjini.

Kwa hiyo msingoje mwezi wa saba. Nendeni Jumamosi hii, asubuhi, na mabuti, na magunia sita. Nitakuja nikae kwenye kiti nyuma ya bustani ya mboga, na nitapiga kelele mkiinua gunia juu. Sanamu msiisafishe ule weusi. Kibiriti nimekirudisha mahali pake, nyuma ya miguu yake, kwenye kopo la maziwa. Washeni mshumaa kwanza, halafu majani, kwa njiti moja.